Kaseti ya Binti wa Pili

Mama mkwe wangu alikuwa muuza chumvi, na Mungu anisamehe, kazi ilimfaa. Alikwenda kuichukua ziwani Katwe, akaileta Bwera kwa magunia, akawauzia watu wa pande zote mbili za mpaka siku za soko. Jioni alirudi mikono imepasuka, amechoka, na mtu wa kumalizia siku yake nilikuwa mimi.

Niliolewa kutoka Kitswamba nikiwa msichana mwembamba, mwenye adabu nyingi kuliko akili. Mume wangu alikuwa kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye hubaki na mama. Alinunua kahawa kwa wakulima wa Munkunyu na Nyakiyumbu, kwa hiyo msimu ukifika nyumba ilibaki na wanawake wawili na ukuta mmoja katikati. Upande huu nilimsikia akikohoa. Upande ule, bila shaka, alinisikia nikilia. Hakuna aliyembishia mwenzake hodi.

Alizaliwa ng'ambo, upande wa Butembo. Kinande chao na Lhukonzo letu ni mtu na pacha wake, hatuhitaji mkalimani. Lakini alipotaka kunichoma aliiacha lugha ya nyumbani akaingia Kiswahili cha Kongo. Kwetu Uganda Kiswahili ni lugha ya askari na ya kufukuzia mwizi, naye alikitumia vivyo hivyo. Alifunua chungu changu cha kisamvu, akainama, akanusa.

“Wee mukamwana, hii iko sombe ao iko majani ya ngombe?”

“Ni sombe, Mama.”

“Ngombe atakataa.”

Kisha akaonja. “Na chumvi iko wapi? Minauzia Bwera muzima chumvi, nyumbani nakula nyasi?”

Nilipojifungua binti, alimtazama akasema, “Karibu, mugeni,” kwa sababu binti ni wa kuondoka. Wa pili naye akaja binti. Safari hiyo alimbeba muda mrefu bila kusema neno, nami nikakaa kitandani nikisubiri tusi langu kama mtu anayesubiri chai. Halikuja. Akamrudisha kifuani kwangu akatoka. Nilimchukia hata kwa hilo, maana tusi nililolizoea lilikuwa na nafuu.

Mume wangu nilipomlalamikia alisema, “Mama ndivyo alivyo.” Wanaume wa kwetu husema hivyo juu ya mama zao na juu ya mvua ya mawe.

Basi siku moja ya soko nilikuwa natafuta lastiki ya gagulo kwa Mkongomani mmoja aliyetandaza vitu vyake chini, juu ya karatasi ya nailoni. Upepo ulikuwa mkali na pembe za nailoni alikuwa amezikandamiza kwa kaseti kuukuu. Hakuwa anaziuza. Nilipochutama kuchagua lastiki, macho yakaangukia kaseti ya pembe iliyo karibu na mguu wangu, nikaona jina langu limeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino.

Nieleze kidogo. Kwetu milimani, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo, mtoto hatafutiwi jina, jina linamsubiri. Binti wa kwanza ana lake, wa pili lake, wa tatu lake, hivyo hivyo hadi tumbo lifunge. Mimi ni binti wa pili. Simama katikati ya soko la Bwera uliite jina langu uone wanawake wangapi watageuka. Kwa hiyo halikuwa jambo la ajabu. Lakini nilikuwa sijaona jina langu limeandikwa mahali popote tangu cheti cha ubatizo, na katika nyumba ile niliitwa “wee”. Nikamwomba yule bwana anipe kaseti iwe nyongeza ya lastiki. Akacheka, akaweka jiwe mahali pake.

Jumapili, mama mkwe alipokwenda misa, niliiweka kwenye redio ya mume wangu. Likapigwa gitaa moja, si zuri sana, na nyuma yake kuku analalamika. Kisha mwanamke akaanza kuimba. Haikuwa sauti ya kwaya. Ilikuwa sauti ya mtu anayeongea nawe huku anachambua maharage, sauti changa, kavu, isiyoomba chochote. Aliimba kwa Kiswahili cha Kongo:

Siku ile utakufa, mama-mukwe,
nitavaa kikwembe ya sikukuu.
Nitapika muchele, nitaita majirani:
karibuni, amelala, mukule.

Nilikaa chini sakafuni. Nilicheka hadi nikashika mbavu, halafu nikalia, halafu nikairudisha mwanzo.

Zilikuwa nyimbo sita na zote zilimwendea mwanamke mmoja. Wimbo wa pili ulisema: Mboga iko bila chumvi, mama? Sogeza sahani, nilie ndani. Ukiisha huo mwimbaji anakohoa kidogo, anatulia, anamwambia mpiga gitaa, “Tuendelee.” Hata kikohozi kile nilikipenda. Nilimwonea huruma, nikatamani kumpelekea maji ya moto na tangawizi.

Nimesikia watu wakieleza mapenzi yao kwa muziki, kwamba unawaburudisha. Mimi haukuniburudisha. Ulinilisha. Kila tusi nililolimeza mchana, huyu alikuwa amekwisha kulitema kabla yangu, tena kwa tuni. Nilipoitwa ng'ombe nilijibu moyoni kwa wimbo wa pili, na uso wangu ukabaki mpole kama wa sanamu ya kanisani. Majirani walisema nina subira. Sikuwa na subira, nilikuwa na kaseti.

Niliificha chini ya nguo za watoto, ndani ya soksi. Nikamtengeneza mwimbaji wangu kichwani: mrefu, mwenye mwanya, anaishi kwenye nyumba ya matofali Butembo, na mama mkwe wake alikwisha kufa zamani na wali uliliwa. Nilimpenda kuliko dada zangu wa tumbo moja. Watu walipoanza kukimbia vita vya upande wa Beni na kuvuka na magodoro kichwani, niliwaangalia wanawake usoni mmoja mmoja. Niliwauliza wafanyabiashara kama wanamjua mwimbaji wa jina hilo. Walinicheka. “Mama, jina ile beko nayo bantu elfu.”

Miaka ikaenda. Redio ikaila kaseti, nikaitapisha kwa vidole, nikaunganisha utepe kwa gundi na pumzi, wimbo wa nne ukapoteza maneno mawili. Niliirudisha nyuma kwa kalamu ili nisichoshe mashine. Simu zikaja, flashi zikaja, na Kasese mjini kukawa na duka la kuhamisha kaseti kwenye kompyuta. Nilikwenda hadi mlangoni na soksi yangu mkobani, nikarudi nayo Bwera. Nikiwapa hawa, nilijiambia, wiki ijayo kila boda boda atakuwa naye. Nilitaka awe wangu peke yangu. Huo ni uchoyo, najua, na sijaona sababu ya kuuonea haya. Sikuwa na kingine cha kufanyia uchoyo.

Siku moja tu niliteleza. Nilikuwa naosha sufuria nyuma ya nyumba, nadhani niko peke yangu, nikauimba wimbo wa kwanza kwa sauti ya chini. Nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na gunia tupu mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nilijua maneno yale yangetosha kunirudisha Kitswamba na vitoto vyangu.

Akasema, “Uko naimba mubaya. Pale inashukaka, haipandake.”

Akakunja gunia lake akaenda zake.

Nilimshukuru Mungu kwamba hakuyasikia maneno. Halafu nikakasirika. Kupika sijui, kufagia sijui, kuzaa sijui, sasa hata kuimba! Mtu ambaye sikuwahi kumsikia akiimba hata kanisani. Usiku huo nilimwongezea chumvi kwenye mboga hadi ikawa dawa, akala yote, akafuta sahani kwa kidole.

Alipougua, alilazwa Kasese, na aliyekaa naye ni nani? Wakamwana wengine walikuwa na kazi, na watoto, na migongo mibovu. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimsafisha. Wauguzi walimkataza chumvi, yeye wa watu wote, na kila nilipomlisha uji au mchuzi aliutema kwenye kanga yangu. Kikohozi hakikumpa nafasi ya kutukana kwa utulivu, akawa anatukana kwa vipande. Neno la mwisho alilonipa, baada ya miaka yote ile, lilikuwa “Haina ladha.” Kesho yake asubuhi alikuwa amekufa, nami nikazifunga nguo zake kwenye beseni nikapanda gari la kurudi Bwera pamoja na maiti.

Mazishi yalibidi yasubiri ndugu wa Butembo wavuke. Turubai zikafungwa, viti vikakodiwa, spika kubwa mbili zikawekwa uani, zikawa zinapiga nyimbo za kanisa. Wanawake walipika wali kwenye masufuria ya kukodi. Mimi nilivaa kitenge kipya, kikwembe changu cha sikukuu; niseme ukweli, nilikichagua kwa makusudi. Alasiri katekista akasimama kutoa wasifu. Akasema marehemu alikuwa mwanamke mpole. Akasema moyo wake ulikuwa mkunjufu. Akasema, “Aliwapenda wakamwana wake kama mabinti aliowazaa mwenyewe,” na watu wote wakajibu amina.

Hapo nikainuka. Niliingia ndani, nikaitoa soksi, nikachukua na redio, nikaenda kwa bwana wa spika. Lilikuwa jitu lenye kitambi, linakula. Nikamwambia aunganishe waya kwenye redio yangu.

“Ni za dini?” akaniuliza.

“Za dini kabisa. Za Butembo.”

Sikuwa nimepandwa na wazimu. Nataka ieleweke hivyo. Nilijua ninachofanya na nilikuwa nimekisubiri tangu ujana wangu. Nilitaka alale pale kwenye sanduku lake, mbele ya ukoo, asikie mara moja tu jinsi alivyoonekana kutoka upande wangu wa ukuta, na asiwe na mdomo wa kunijibu. Gitaa likaanza, kuku akalalamika kwa ukubwa wa spika mbili, na ile sauti ikatoka ikajaa ua mzima: Siku ile utakufa, mama-mukwe.

Vijiko vilisimama. Watu walikuwa na wali mdomoni. Ilipofika “karibuni, amelala, mukule”, nikatazama zile sahani, nikaitazama sura ya katekista, na kicheko kikanitoka. Si cha kujificha. Nilicheka kwa kinywa wazi, kichwa nyuma, katikati ya msiba.

Shemeji yangu mkubwa aliinuka kuja kuzima. Hakufika. Gari la ndugu wa Butembo lilikuwa limesimama njiani na wazee wa kike walikuwa wanashuka, na mmoja wao, mdogo wake marehemu wa kuzaliwa, aliachia mfuko wake wa mkononi ukaanguka. Alikuja ameshika kichwa. Nilidhani amekuja kunipiga. Alipita mbele yangu kama hanioni, akapiga magoti mbele ya spika, akaanza kuimba pamoja nayo. Aliyajua maneno yote. Na pale mimi ninapopandisha, yeye akashusha.

“Njo yeye!” alilia, yaani ndiye yeye, akilinyooshea sanduku kidole. “Njo sauti yake ya usichana! Nani alichungaka hii? Nani?”

Wenzake nao wakaanza kuimba na kulia, na ua wote ukalipuka kwa kilio ambacho katekista hangeweza kukipata kwa wasifu wa siku tatu. Mimi nilibaki nimesimama, mdomo bado wazi kutokana na kicheko, kitenge changu kikinimetameta.

Wimbo wa pili ukiendelea, akatuambia. Dada yake aliolewa kwanza huko Butembo, kwa mama mkwe mkali asiyejua Kiswahili. “Njo maana alimuimbiaka mu Kiswahili,” akasema, “mbele ya macho yake. Na ule mama anafurahi, anapiga makofi, anasema mukamwana wangu anajua kuimba.” Mpiga gitaa wa jirani akazirekodi, kaseti zikauzwa kidogo sokoni, watu wakacheka, hadi mmoja akamtafsiria yule mama. Walimpiga. Wakamfukuza na nguo ya mwilini, wakabaki na mtoto wake, binti aliyekuwa bado ananyonya. Akavuka mto wa mpakani akaja upande huu, akaolewa Bwera, na mbele ya ndugu zake akaapa hataimba tena maisha yake yote. Yule binti hakumwona tena.

Kutoka kwenye spika marehemu akakohoa. “Tuendelee,” akasema.

Watu wanasema hapo ningepaswa kulia. Sikulia, nilishikwa na hasira. Aliijua ladha ya kile alichonilisha! Mkuki kwa nguruwe. Aliujua uchungu wa huo mkuki, ulimpita mbavu mwenyewe, na bado akauchomoa, akaunoa, akanichoma nao kila siku ya Mungu. Na siku ile mlangoni alinisikia. Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka mdomoni mwangu, akajua nayaimba juu ya nani, na kati ya yote ambayo mwanamke angeweza kumwambia mwanamke, akachagua kunisahihisha tuni. Rafiki yangu wa pekee nilikuwa naye nyuma ya ukuta, nikimsikia akikohoa, nikimwombea kifo. Sasa amekufa na rafiki yangu kafa naye. Nilimwona ni mwizi. Alikuwa ameniibia hata hiki.

Hawakuacha nyimbo ziishe. Mama mdogo aliomba kaseti iende kaburini na dada yake. “Alikataziwa sauti yake mu hii maisha,” akasema. “Aende nayo.” Ukoo ukaitikia.

Nikasema, “Kaseti ni yangu.”

Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kusema neno “yangu” katika ua ule. Mzee wa ukoo, aliyekuwa amekaa kiti cha plastiki mbele ya wote, akaniuliza kama nina ushahidi.

“Tazameni. Imeandikwa jina langu.”

Wakampelekea kaseti akaisoma, ameishika mbali na macho. Kisha akanyoosha fimbo yake kwenye msalaba ulioegemezwa ukutani, ambao rangi yake ilikuwa haijakauka vizuri. Jina langu lilikuwa pale. Mimi nilimwita Mama, wengine walimwita mama wa fulani, na jina la mama mkwe mkamwana halitamki. Katika miaka yote sikuwahi kujiuliza alizaliwa wa ngapi kwao. Watu wengine wakaguna. Mtu mmoja akacheka.

Aliyeichukua kaseti na kumkabidhi mama mdogo alikuwa mume wangu. Nilimwita kwa macho, akaangalia pembeni. Waliiweka chini ya mkono wa kulia wa marehemu, ule uliopasuka kwa chumvi, wakapigilia misumari.

Soksi ninayo. Na kuna kitu kimoja kingine. Binti yangu wa pili, ambaye naye ana jina hilo hilo, alikuwa anapiga video ya watu wakila ili amtumie dada yake aliyechelewa Kasese, na hakuzima. Picha ni ya masufuria na miguu ya watu, lakini sauti imo: wimbo wa kwanza, wa pili, kikohozi, na nusu ya wa tatu kabla ya kuzimwa. Imesambaa kama nilivyoogopa. Boda boda wanayo. Wauza samaki wa Mpondwe wanayo. Wasichana wapya kwenye nyumba za watu wanaisikiliza kwa vidude vya masikioni wakiosha vyombo, na mama wakwe wao wanawaona wana furaha.

Ila kwenye wimbo wa kwanza, juu kabisa ya “amelala, mukule”, kuna mwanamke anacheka. Anacheka kwa nguvu na kwa raha. Binti yangu alipeleka video ile ile kwa mafundi wa kompyuta Kasese wamtoe. Wakajaribu, wakamwambia haiwezekani, sauti zile mbili zimeshikana, ukikata moja unaikata na nyingine.

Watu wakijua nilikuwepo huniuliza ni nani yule mwendawazimu anayecheka kwenye msiba wa mwenzake. Nawaambia simjui. Jioni nikipika naisikiliza, kwa sababu sina nyingine na sitapata nyingine. Yeye anaimba juu ya mama mkwe wake, mimi nacheka juu ya wangu, halafu anakohoa, na mume wangu ananiuliza kutoka sebuleni kwa nini chakula kinachelewa.